Tangi la Maji ya Aprili

Jumatatu, 6 Januari

Mwalimu wa Kiswahili alituambia siku ya mwisho tuendelee kuandika, hata kama ni mstari mmoja. Sina la kuandika, lakini daftari lina kurasa tupu na shule imekwisha. Kwa hivyo.

Nyumbani tuko wawili, mimi na Baba. Dada yangu Wacuka anafanya kazi Mtito Andei, kwenye hoteli ya madereva wa malori. Mama alifariki Agosti. Ng'ombe ni wawili, Nyange na Ndege. Mvua ya Novemba ilinyesha mara mbili ikapotea.

Alhamisi, 9 Januari

Matokeo yametoka. C ya kawaida. Baba alisema, "Sawa." Mimi pia nikasema sawa. Halafu tukaenda kuwasha pampu kwa sababu Alhamisi ni siku yetu.

Jumatatu, 13 Januari

Siku ya pampu tena. Nieleze, labda siku moja nitasahau.

Mto wetu hauna maji juu. Una mchanga. Maji yako chini ya mchanga, nyuma ya ukuta ambao wanakijiji walijenga kabla sisi hatujahamia hapa Kalamba kutoka Malili. Kila boma lina siku zake za kuvuta maji. Ndani ya kisima tunachovutia maji kuna jiwe jeupe. Jiwe likichungulia, kila pampu inabaki na siku moja kwa wiki. Jiwe likisimama kavu, pampu zote zinazimwa, na yaliyobaki ni ya kunywa, watu na wanyama, kwa ndoo. Hakuna anayebishana na jiwe. Anayesimamia zamu ni jirani yetu Kalekye, ambaye sisi sote tunamwita Mama Kaloki.

Pampu yetu ni ya sola. Inavuta vizuri jua likiwa kali, kwa hivyo sprinkla zetu zinazunguka saa sita mchana, na upepo unayabeba maji hadi barabarani. Baba anakaa kwenye kivuli cha kibanda cha kukamulia akiziangalia. Anapenda kuona nusu ekari yote ya nyasi za ng'ombe ikiwa imelowa.

Mama Kaloki alipita na punda wake.

"Githaiga! Unanimwagia barabara ili vumbi lisinisumbue? Asante sana."

"Barabara nayo ina kiu," Baba akasema.

"Nyinyi watu wa mlimani. Mnanyunyizia nyasi kama maua ya kanisa."

Baba alicheka kidogo. Mama Kaloki alipokwenda, Baba akaacha kucheka na kurudi kuangalia maji.

Ijumaa, 17 Januari

Hakuna.

Jumamosi, 18 Januari

Nyange alitoa maziwa kidogo sana, na karibu tutaacha kumkamua kwa sababu mimba ni kubwa. Alikuwa ng'ombe wa Mama. Mama alimleta akiwa ndama kutoka kwa nyanya yangu Othaya, kule mlimani, amekaa kwenye siti ya nyuma ya gari la watu, na mwenye gari hakuwahi kumsamehe. Ni mweupe wote isipokuwa sikio moja.

Jumatatu, 20 Januari

Kuna chuma cha kujengea kilichobaki tulipojenga kibanda, chembamba, kirefu kama fimbo. Leo baada ya sprinkla kuzimwa nilikichomeka ardhini katikati ya nyasi. Kiliingia urefu wa kidole kikagonga. Nikajaribu kwingine. Kidole. Kila mahali kidole, na chini yake ni kama simenti.

Nilifukua kidogo kwa panga. Mizizi yote imejikunja hapo juu, kwenye kile kidole cha unyevu. Haina sababu ya kwenda chini, chini hakuna kitu.

Sikumwambia Baba. Nilimwona anakunja mpira wa maji kwa uangalifu, duara juu ya duara, nikaona nimwache.

Jumanne, 21 Januari

Nimechagua kipande kando ya ua, kikubwa kama mkeka. Nimekizungushia tuta. Nitamwagia maji ya kuoshea vyombo na ya kufulia, nikusanye wiki nzima kwenye pipa, halafu nimwage yote mara moja jioni. Juu yake nimetandaza samadi kavu.

Alhamisi, 23 Januari

Pampu. Upepo mwingi.

Jumapili, 26 Januari

Baada ya kanisa Mama Kaloki alinishika mkono nyuma ya choo cha kanisa, mahali ambapo hakuna mtu anayepita kwa hiari.

"Nyawira, mwana wakwa. Umemlilia mama yako?"

"Bado."

"Tangu Agosti?"

"Kulikuwa na mitihani."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia mtungi kujua kama umepasuka. "Haya," akasema. "Kilio hakina zamu. Kikija, kije."

Nikasema asante. Sikujua nasema asante kwa nini.

Jumatatu, 3 Februari

Deeq amekuja. Ananunua ng'ombe huku kandokando ya barabara ya Mombasa na huwajua kwa macho, hata mizani hana haja nayo. Alizunguka Ndege mara moja. Akamzunguka Nyange polepole, akamwekea kiganja mgongoni, pale mifupa inapoanza kuonekana.

"Mzee, nikwambie ukweli ama nikwambie bei?"

"Ukweli," Baba akasema.

"Huyu mkubwa namchukua leo. Huyu mweupe, mwenye mimba, sitaki. Walahi sitaki. Lakini nyasi zako hazifiki mwisho wa mwezi huu. Akianguka hapa, hata ngozi haitakusaidia. Nikija na lori tarehe moja Machi, kama hali ni hii, nitamchukua, na nitamchukua kwa nyama. Sikudanganyi."

"Huyu mkubwa naye abaki kwanza. Njoo tarehe moja."

"Ndiyo. Na wewe uniombee nipate mlango umefungwa." Alimaanisha apate tumebadilisha mawazo. Ndivyo anavyoongea.

Usiku wakati wa kula Baba alisema Nyange akienda, yeye atarudi Othaya kwa ndugu zake. Mimi niende kwa Wacuka. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Nikamwongezea mboga.

Jumanne, 4 Februari

Wacuka alipiga simu.

"Kuna nafasi hapa, unabeba tu sahani. Lakini itabidi uongee na watu, Nyawira. Hawa madereva ukinyamaza wanadhani unawadharau."

"Nitajaribu."

"Unasikika kama uko ndani ya debe."

"Niko jikoni."

"Sijasema uko wapi. Nimesema unasikika aje."

Alhamisi, 6 Februari

Nyasi za juu, upande wa barabara, zimegeuka rangi ya gunia.

Jumatatu, 10 Februari

Jiwe limechungulia. Mama Kaloki alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, hakusimama barabarani kama kawaida. Tumebaki na Jumatatu tu.

"Si mimi, Githaiga. Jiwe."

"Najua."

"Kama ungekuwa na mahali pa kuyaweka, ungevuta mchana wote na kumwagilia jioni kukiwa kumepoa," akasema. Aliposema hivyo macho yake yalienda juu ya boma, kwenye tangi, kisha yakarudi haraka.

Mimi nikaangalia miguu yangu.

Nieleze tangi. Liko juu ya msingi wa mawe nyuma ya nyumba, mahali palipoinuka kuliko shamba lote. Ni la Mama. Lilijaa mvua ya Aprili iliyopita na Mama akatuambia ni ya kunywa tu, na asiyesikia atajua yeye ni nani. Agosti, jioni ile baada ya mazishi, Baba alifunga bomba lake kwa kufuli. Halijafunguliwa tangu hapo. Tunakunywa maji ya kisima yenye chumvi, na tangi lina maji mengi nyuma ya nyumba, na hatuliongelei. Nilidhani ni ubahili. Halafu nikaacha kudhani chochote.

Ijumaa, 14 Februari

Ndege alilala mchana wote. Nimemletea maji kwa ndoo.

Jumatatu, 17 Februari

Siku ya pampu. Baba alieneza maji yote kwenye nusu ekari yote, kidogo kila mahali. Nilichomeka chuma. Nusu kidole.

Kwenye kipande changu cha maji ya vyombo kiliingia hadi zaidi ya kiganja na kidole. Kinanuka sabuni kidogo.

Jumamosi, 22 Februari

Leo nitaandika kirefu.

Asubuhi Nyange hakuwa zizini. Baba alidhani ameibwa, akachukua rungu. Tukamkuta kando ya ua. Alikuwa amesukuma nguzo mbili kwa kifua, na mimba yake yote ile, akapita katikati ya nyasi kavu za nusu ekari bila kusimama, mpaka kwenye kipande changu. Kilikuwa kijani. Sikuwa nimeona jinsi kilivyokuwa kijani kwa sababu nakiona kila siku. Amekila mpaka chini na alikuwa anaramba tuta.

Baba alisimama na rungu lake.

"Hizi nyasi ni za nani?"

"Zetu."

"Nani anazimwagilia?"

"Mimi. Maji ya vyombo." Nikaenda kuchukua chuma, kwa sababu kuongea naye sijawahi kuweza, lakini chuma naweza. Nikachomeka hapo. Kikaingia. Nikavuka hatua chache, kwenye nyasi za sprinkla, nikachomeka. Kikagonga.

Baba alinipokonya chuma, si kwa hasira, akajaribu mwenyewe. Akajaribu upande wa barabara. Akajaribu karibu na kibanda. Alitembea shamba lote akichomeka, kama mtu aliyeangusha funguo gizani. Nilimfuata.

"Maji yote haya," akasema. "Tangu Oktoba."

"Yanakaa juu, Baba. Jua linayachukua kabla hayajashuka."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nilitaka kusema kwa sababu alikuwa anakunja mpira vizuri sana. Nikasema, "Sijui."

"Sasa tufanye nini?"

Hapo ndipo niliposema. Niliongea nikimwangalia Nyange. Nikasema tuache upande wa barabara ufe. Nusu ekari yote haiwezi. Tuchukue kile kipande cha chini tu, kando ya kibanda, tukigawe kwa matuta, na kila Jumatatu tuvute maji mchana tuyaweke, jioni tuyateremshe yote hapo, yakae, yazame. Tutandaze samadi juu.

"Tuyaweke wapi?"

Alijua. Nilijua kwamba anajua. Nyange alikuwa bado anaramba udongo.

"Kwa tangi," nikasema.

Baba aliweka chuma chini. "Hapana," akasema, na akamrudisha Nyange zizini. Mchana alitengeneza ua. Sikumsaidia, hakuniita.

Jumapili, 23 Februari

Sikuenda kanisani. Tumbo.

Jumatatu, 24 Februari

Baba hakuwasha pampu. Siku yetu ya pekee ikapita. Nilikaa jikoni nikisikiliza pampu isiyolia.

Kumbe alikuwa shambani tangu alfajiri. Amejenga matuta kwenye kipande cha chini, mraba baada ya mraba, yamenyooka kama ya shamba la maonyesho. Sikuuliza. Niliwabebea samadi ng'ombe… hapana, niliibeba samadi kutoka kwa ng'ombe. Nimechoka.

Jumatano, 26 Februari

Asubuhi Baba aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa ameshika kikombe cha Mama cha bati, na ufunguo. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, akaligonga kwa jiwe.

Alikinga kikombe akanipa mimi kwanza. Maji yalikuwa ya baridi na yana ladha ya plastiki. Nilikunywa nusu nikampa.

"Jioni ile ya mazishi," akasema, "wanawake walikuwa wanaosha sufuria kwa maji haya. Walikuwa wanafanya kazi nzuri, sina neno nao. Lakini niliyaona yanakwenda. Aliyakusanya yeye mwenyewe, alipanda hapo juu kusafisha mfereji wa paa na miguu yake ile imevimba. Nikaona yakiisha, basi."

Hakumaliza. Basi nini, sijui.

"Tumejaza mitungi yetu?" akauliza baadaye.

"Yote."

"Yaliyobaki siwezi kuyamwaga kwa nyasi. Mvua ya kunywa. Nenda kawaite."

"Nani?"

"Hao hao walioosha sufuria."

Nilikwenda boma baada ya boma. Mimi, ambaye kuazima chumvi tu ni shida. Nilisema, "Baba anasema mje na mitungi," na wengine walidhani kuna msiba mwingine.

Walikuja na punda, na mikokoteni, na watoto. Mama Kaloki alisimama mbele ya bomba kana kwamba ni kisima chake. "Msukumane taratibu! Hili tangi lina mwenyewe!"

"Mwenyewe alikuwa anatukimbiza hapa na mwiko," mwingine akasema.

"Wewe alikukimbiza. Mimi alinipa mtungi mmoja, akanisindikiza mpaka nyumbani kuhakikisha sijanawia miguu."

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Baba pia alicheka, kando, amefunika mdomo kwa kofia. Mimi niliinua mitungi na kuipanga. Mikono ilinifanyia kazi vizuri. Mchana tangi likatoa sauti ya utupu, na Mama Kaloki akaligonga kwa kiganja, mara moja, kama mtu anavyompiga ng'ombe aliyemaliza kukamuliwa.

Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Jumatatu yenu ilipita bure. Vuteni leo. Mimi niko na siku ya Jumatano, na leo sina haja nayo."

Jua lilikuwa bado kali. Tulivuta maji kwenye tangi mpaka pampu ikalegea. Jioni Baba alifungua bomba. Maji yaliteremka kwenye mpira kimyakimya hadi mraba wa kwanza. Hakuna kilichozunguka, hakuna kilichorushwa. Ilionekana kana kwamba hakuna kinachotokea.

Alhamisi, 27 Februari

Chuma kimeingia karibu hadi kwenye kiwiko changu. Baba aliuliza kwa mbali, "Kimefika wapi?" Nikainua mkono nikamwonyesha.

Jumamosi, 1 Machi

Lori la Deeq. Aliona nyasi za juu zimekufa kabisa, akatikisa kichwa. Akateremka kando ya kibanda. Alichuchumaa akachimbua kwa kidole.

"Mzee, umehamisha shamba?"

"Nimelipunguza."

"Hii inalisha mmoja."

"Mmoja," Baba akakubali. "Mchukue Ndege. Huyu mweupe niachie mpaka mvua."

"Mvua ya nani? Mimi nimetoka Mtito, huko wingu hata la kufunika ndizi hakuna."

"Mpaka mvua, Deeq."

Ndege alipanda lori bila shida, alikuwa anaamini kila mtu. Nilishika kamba yake mpaka mwisho. Lori lilipoondoka, kamba ilibaki mkononi mwangu na nikaikunja duara juu ya duara.

Jumatatu, 3 Machi

Pampu, tangi, jioni. Kiwiko.

Jumatatu, 10 Machi

Pampu, tangi, jioni. Kiwiko. Nimekata nyasi za kwanza. Nyange amemaliza akaangalia mkono wangu.

Jumatatu, 17 Machi

Jiwe limesimama kavu. Pampu zote zimezimwa. Mama Kaloki alizunguka maboma yote na hakufanya utani popote.

Ijumaa, 21 Machi

Joto. Nyasi zetu zimenywea mchana zikainuka asubuhi. Naziangalia kila alfajiri kabla ya kunawa. Chini ya samadi udongo bado mweusi.

Wacuka ameuliza kama ile nafasi naitaka. Nimemwambia aulize tena mvua ikinyesha.

Alhamisi, 27 Machi

Nyange amezaa. Alianza asubuhi na hakuweza. Nguvu zilikuwa kidogo. Baba alivuta miguu ya ndama na mimi nilimshika Nyange kichwa, nikimwambia vitu ambavyo sijui nilivitoa wapi, labda Mama ndiye aliyekuwa akivisema. Ndama alitoka mchana. Jike. Mweupe, masikio yote mawili meusi. Hakupumua. Baba alimsugua kwa gunia, akampuliza puani, akamsugua tena, na mimi nilisimama tu, nikijiambia sawa, sawa.

Kisha akapiga chafya.

Baba alikaa kwenye damu na maji yote yale. "Mama yako angenitukana kwa jinsi nimemvuta huyu," akasema.

"Angekutukana sana," nikasema.

Kisha nikaenda nyuma ya kibanda kukata nyasi za Nyange. Nilikata fungu moja, fungu la pili, na hapo kilio kikaja. Nililia nimeshika panga. Nililia kwa sauti mbaya, kama mtu anayetapika. Baba alisikia, nina hakika, kwa sababu alianza kupiga mluzi, jambo ambalo huwa hafanyi, ili nijue kwamba haji.

Nyasi nilizipeleka zikiwa zimelowa kidogo. Nyange alizila.

Ijumaa, 28 Machi

Nimelala mpaka jua limepanda.

Jumamosi, 5 Aprili

Imenyesha kuanzia saa tisa mchana. Mvua ya kwanza tuliiacha iende, ioshe paa. Kisha Baba akapanda akaelekeza mfereji kwenye tangi, na mimi nikashika ngazi.

"Imeingia?" akaniuliza kutoka juu.

Niliweka sikio kwenye tangi. "Imeingia."

Jumanne, 8 Aprili

Deeq alipita bila lori. Alikunywa chai ya maziwa ya Nyange, akaomba kikombe kingine, akasema hapa hana kazi leo. Akauliza ndama anaitwaje. Baba aliniangalia. Nikasema bado tunafikiria, na nilisema kwa sauti ya kutosha mpaka Deeq akageuka kuona ni nani huyo.

Huyo ndama ana tabia ya bibi yake, yule ng'ombe wa Othaya aliyemzaa Nyange. Anafungua lango kwa pua na kwenda barabarani. Baba alitafuta kila mahali kitu cha kumzuia, halafu akaenda nyuma ya nyumba. Kufuli sasa liko kwenye lango la ndama. Bomba la tangi limebaki hivyo hivyo, bila kufuli, na kikombe cha bati kinaning'inia hapo.